Mchagua Jembe si Mkulima?

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Methali hii tumefundishwa darasani na tumesomewa shambani, lakini siku hizi mahali inapotumika sana, angalau hapa kwetu Songea, ni kwenye meza ya pool. Mtu akichukua fimbo ukutani, akailaza juu ya kitambaa na kuiviringisha aone kama imenyooka, hapo hapo kelele zinaanza: "Acha mbwembwe wewe! Mchagua jembe si mkulima, piga mpira!" Naye, kwa kuona haya mbele ya watu, ataacha kuchagua na kucheza na ile ile aliyoiokota.

Ndugu msomaji, mimi naleta ubishi. Pamoja na heshima yote tunayowapa wahenga, naona methali hii inasemwa ovyo, na ikisemwa ovyo inaficha dhuluma. Maswali yangu ni mawili. La kwanza: anayechagua chombo cha kazi, je, anaikimbia kazi au anaiheshimu? La pili, ambalo ndilo zito: ni haki kumhukumu mtu kwa kazi aliyoifanya na chombo kibovu alichopewa na wengine?

Najua wapo watakaocheka kusikia maadili yanatafutwa kwenye pool. Wacheke. Mchezo huu haujawahi kuwa na sifa moja. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 ulipata heshima, bia ya Safari ikawa inadhamini mashindano ya taifa na kurasa za michezo zikaandika majina ya mabingwa. Mwaka 2016 hayati Rais John Magufuli akawakemea hadharani vijana wanaoshinda kwenye pool saa za kazi, na mchezo ukarudi kuwa wa wavivu. Sina nia ya kuutetea wala kuushitaki. Ninachosema ni kwamba kijana aliyemaliza shule na hana ajira ana sehemu chache sana za kujua kama yeye ni hodari wa jambo lolote. Meza ya pool ni mojawapo. Pale anapimwa jioni hiyo hiyo, mbele ya mashahidi, na majibu yanatoka papo hapo. Kwa hiyo fimbo anayoishika si jambo dogo.

Tuanze na fimbo yenyewe.

Ukizunguka mjini hapa, kuanzia Majengo hadi Lizaboni, Mfaranyaki hadi Bombambili, utakuta fimbo za baa ni ndugu wa tumbo moja. Siku ilipoletwa ilikuwa imenyooka. Kisha ikaegemezwa ukutani mwaka mzima, ikanywa unyevu wa mvua tangu Desemba hadi Aprili, ikakaushwa na kiangazi, ikabamizwa sakafuni na walioshindwa, ikatumika hata kuchokolea mpira ulionasa tumboni mwa meza. Mbao ikinywa unyevu hutanuka, ikikauka husinyaa, na kwa kuwa haitanuki wala kusinyaa sawasawa pande zote, inapinda. Ncha yake, ile ngozi ndogo inayogusa mpira, imechanua kama uyoga, au imeng'oka kabisa na mwenye baa amebandika kipande cha ndala kwa gundi. Ukiishika inanata jasho la watu na bia. Ukipiga inatoa mlio wa kopo.

Sasa tuitazame fimbo inayotengenezwa kwa mkono, kwa kuagizwa, na fundi anayemjua atakayeitumia. Mafundi wa namna hiyo wapo Uingereza, wapo Marekani na kwingineko. Fundi huanza kwa kutafuta mbao ambayo nyuzi zake zimenyooka toka mwanzo hadi mwisho. Wamarekani hupenda mti ule ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada. Mbao hukaushwa kwa muda mrefu. Halafu huwekwa kwenye mashine ya kukereza, inapunguzwa kidogo tu, kisha inatundikwa ipumzike kwa wiki au miezi. Kwa nini ipumzike? Kwa sababu ndani ya mbao mna mvutano. Ukiondoa tabaka la nje, lililobaki hujikunja likitafuta makao mapya. Fundi hungoja lijikunje, ndipo analikereza tena, na tena. Inayokataa kutulia huwekwa kando. Kwa hiyo fimbo iliyonyooka mikononi mwa mchezaji haikunyooshwa na mtu. Ilipewa nafasi zote za kupinda, ikakataa.

Baada ya hapo ndipo yanakuja mambo ya mwenye fimbo: urefu wa mikono yake, unene wa kiganja, uzito anaoutaka, ambao mara nyingi ni zaidi kidogo ya nusu kilo, na mahali ambapo fimbo inalingana ukiilaza juu ya kidole. Mwisho ni ile ngozi ya nchani. Sifa ya kuileta ngozi hiyo mwanzoni mwa karne ya 19 hupewa Mfaransa, François Mingaud. Kabla ya hapo ncha ilikuwa mbao tupu, na ukijaribu kuupiga mpira pembeni ili ujizungushe, fimbo inateleza. Hata ile chaki ya buluu tunayoisugua si chaki ya ubaoni. Mwaka 1897 huko Marekani mchezaji William Spinks na mkemia William Hoskins walisajili mchanganyiko wao, wenye unga mgumu wa mawe, unaoifanya ngozi iushike mpira. Utaona kwamba kila hatua ya kazi hii ina lengo moja: mkono ukisema kitu, mpira usikie kitu kile kile.

Na mpini? Hapa habari inarudi nyumbani. Mafundi wengi hutaka mpini wa mti mzito, na mmojawapo wa miti wanayoitumia ni mpingo, mti wa taifa letu. Mpingo unaota humu humu mkoani, Tunduru na Namtumbo, kama unavyoota Lindi na Mtwara. Kiini chake ni kizito kiasi kwamba kinazama majini, na huchukua miaka kama 70 hadi 100 mpaka ufae kuvunwa. Wamakonde wanauchonga vinyago, Wazungu wanautengenezea klarineti, na mafundi wa fimbo wanautengenezea mipini. Hata mipira ya kale ilitoka pande hizi. Kabla ya John Wesley Hyatt wa Marekani kutengeneza mipira ya bandia mwishoni mwa miaka ya 1860, mipira bora ya biliadi ilichongwa kwenye pembe za ndovu, na soko kubwa la pembe za Afrika Mashariki lilikuwa Zanzibar. Misafara iliyotoka Ziwa Nyasa kwenda Kilwa ilikatiza kusini huku, pembe zikiwa mabegani mwa watu.

Basi fikiri: kijana wa Tunduru anacheza chini ya mwembe na fimbo iliyopinda, ya mbao asiyoijua hata jina, wakati mti uliokatwa kilomita chache kutoka kwao umetulia mkononi mwa mchezaji wa Chicago. Sisemi hivi ili tulie. Nasema ili tusije tukadhani kwamba fimbo mbovu ni amri ya Mungu. Ni mgawanyo wa watu, na mgawanyo wa watu huulizwa maswali.

Lakini raha ya fimbo nzuri ni nini hasa? Wanaojua husema "imekaa mkononi". Wengine husema "inajibu", wengine "inaongea". Mwenye mashaka ana haki ya kuuliza kama haya si maneno ya watu waliotumia hela nyingi na sasa wanajifariji. Tena mashaka yake yana ushahidi.

Mwaka 1986 ilitoka filamu ya Kimarekani, The Color of Money, ya Paul Newman na Tom Cruise. Ndani yake imo fimbo inayotazamwa kama dhahabu, inaitwa Balabushka. Hilo ni jina la fundi wa kweli, George Balabushka, mzaliwa wa Urusi aliyekereza fimbo New York tangu mwaka 1959 hadi alipofariki mwaka 1975. Waliotazama filamu waliitamani Balabushka ile. Kumbe fimbo iliyoshikwa mbele ya kamera haikuwa Balabushka, ilikuwa ya kampuni ya Joss! Walichokitamani ni jina.

Ushahidi wa pili ni Stephen Hendry wa Uskoti, bingwa wa dunia wa snooker mara 7 kati ya mwaka 1990 na 1999. Mataji yale yote aliyapata na fimbo aliyokuwa nayo tangu ujana, fimbo ya bei poa, kama pauni 40 hivi. Ilivunjika mwaka 2003 katika safari ya ndege. Kama utukufu ungekuwa unanunuliwa kwa fundi, Hendry asingekuwa na kitu.

Ushahidi wa tatu ni wa fizikia, na huo ndio mkali. Ncha ya fimbo hugusana na mpira kwa muda mfupi mno: chukua sekunde moja, igawe mara elfu, kisha chukua kipande kimoja au viwili. Kabla hisia haijapanda kutoka kiganjani hadi kichwani, mpira umeshaondoka. Ile raha unayoisikia mkononi imechelewa. Haiwezi kuusaidia mpira uliokwisha kupigwa.

Wengi wakifika hapa hufunga mjadala: basi, fimbo ni fimbo, mchezo ni mtu. Mimi naona hapa ndipo mjadala unaanza. Kama hisia inakuja baada ya tendo, basi kazi ya fimbo nzuri si kukusaidia kupiga. Kazi yake ni kukwambia umepigaje. Ni shahidi. Anakuja baada ya tukio, na thamani yake yote iko katika kusema kweli. Fimbo iliyopinda nayo ni shahidi, ila ni shahidi wa uongo.

Nitoe mfano wa karibu. Kuna fundi seremala Lizaboni ambaye kazi zake ni vitanda na milango. Mshikaji wangu mmoja, dereva wa bodaboda, alimwendea akamwomba fimbo. Yule mzee alikuwa hajatengeneza fimbo ya pool maishani mwake, lakini mbao anazijua. Akachukua mninga mkavu uliobaki kwenye kazi ya kitanda, kwa sababu mninga ukishakauka hausumbui kwa kupinda. Kwenye mpini akaunga kipande cha mpingo alichopata kwa mchonga vinyago. Akakereza, akatundika darini, akakereza tena. "Usinikimbize," alikuwa akimwambia jamaa kila akienda kuulizia, "mti haukimbizwi, mwanangu." Kazi ilimaliza masika nzima. Ilipotoka ilikuwa nzito kidogo kwa mbele, na kiungo chake kilionekana wazi. Marekani isingeuzika. Lakini ukiilaza mezani na kuiviringisha, inakwenda bila kuruka hata kidogo.

Jamaa alidhani sasa ni bingwa. Wiki ya kwanza alikosa kama kawaida yake. Tofauti ilikuwa moja tu. Zamani alikuwa anakosa kila upande: leo kushoto, kesho kulia, keshokutwa fimbo inateleza kabisa na mpira unabaki unacheka. Na fimbo ya mninga alikosa kushoto. Akarudia, kushoto. Akabadili meza, kushoto. Siku ya nne akasimama, akaitazama fimbo, akasema polepole, "Aisee, kumbe huyu ni mimi." Tukamwambia apige tena tumwangalie vizuri. Kiwiko chake kilikuwa kinachanua nje kila anaposukuma.

Na fimbo ya baa asingelijua hilo hata angecheza miaka 10. Kosa la kiwiko lilikuwa limechanganyika na kosa la mbao, kosa la ncha na kosa la gundi, kama mchele uliomwagika kwenye mchanga. Fimbo ya mninga haikumpa uhodari. Ilimnyima kisingizio, na alipokosa kisingizio akapata pa kuanzia.

Ndiyo maana nasema tumekosea kuielewa dhuluma ya chombo kibovu. Tunadhani ubaya wake ni kumfanya mtu ashindwe. Huo ni ubaya mdogo, kila siku watu wanashindwa na maisha yanaendelea. Ubaya mkubwa ni kwamba kinamwibia mtu ujuzi wa kujijua. Aliyeshindwa na fimbo iliyopinda hajui kama ameshindwa yeye au imeshindwa fimbo. Na aliyemshinda naye hajui kama ameshinda.

Mimi nilimaliza kidato cha nne katika shule ambayo sitaitaja. Kwa miaka miwili hatukuwa na mwalimu wa hisabati, na kitabu kimoja kilizunguka madawati manne. Siku ya mahafali mgeni mmoja alisimama kutupa nasaha, na akaitoa methali yetu: vijana, mchagua jembe si mkulima, someni na hicho hicho mlicho nacho. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga. Mtihani ulipofika ulikuwa ule ule wa nchi nzima, wa aliyefundishwa na wa asiyefundishwa. Matokeo yalipobandikwa yalisema F, hayakusema zaidi ya hapo. Kinachoniuma si ile F. Kinachoniuma ni kwamba mpaka leo sijui kama mimi ni mtu asiyeweza hisabati au ni mtu ambaye hakufundishwa hisabati. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. La kwanza linataka unyenyekevu, la pili linataka hasira, na mtu anahitaji kujua lipi ni lake. Mimi nimebaki navyo vyote viwili, nusu nusu.

Hebu sasa angalia ni nani hasa anayependa kuisema methali hii. Ni mara chache utamsikia mwenye jembe bovu akijisemea mwenyewe. Pale kwenye meza, anayepiga kelele "acha mbwembwe" kwa sauti kubwa kuliko wote mara nyingi ni yule anayesubiri zamu yake, na fimbo iliyonyooka ameshaiweka katikati ya magoti. Mwenye jembe zuri akimwambia mwenye jembe bovu asichague, hiyo si hekima tena, hiyo ni kufunga mlango.

Hata hivyo haki itendeke pande zote. Methali ina ukweli wake, na wahenga hawakuwa wajinga. Tunawajua watu ambao hawajawahi kufungwa na mtu. Siku zote wamefungwa na fimbo, na meza iliyoinama, na taa. Wakishinda, fimbo hawaitaji. Watu hawa wanamchukia shahidi, na ukiwapa fimbo ya dhahabu watasema inateleza mkononi. Wazee wa bao wana bahati katika hili. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na kete ni kete. Hakuna mzee aliyewahi kusema komwe yake imepinda. Aliyefungwa amefungwa, ananyanyuka anampisha mwenzake.

Nasi tunaojifunza kuandika tuna ndugu zetu wa aina hiyo hiyo. Yupo anayengoja kompyuta. Yupo anayengoja chumba chake peke yake, au ahamie Dar, ndipo riwaya ianze. Hao methali inawahusu, na iwachape. Lakini tusiwachanganye na anayechagua kwa sababu ya kazi yenyewe. Mwaka 1978 marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa kizuizini Kamiti, aliandika riwaya ya Caitaani Mũtharaba-inĩ kwenye karatasi za chooni. Mara nyingi kisa hiki tunasimuliwa ili tuambiwe: mnaona, mwandishi wa kweli halalamiki vifaa. Ni kweli, karatasi hakuchagua. Lakini lugha alichagua! Mtu aliyekwisha kujulikana duniani kwa riwaya za Kiingereza alikaa mle gerezani akaandika riwaya kwa Kikuyu. Huyo ni mkulima aliyelichagua jembe kwa uangalifu mkubwa. Alichokidharau ni gunia la kubebea mavuno.

Hapo ndipo pa kupimia. Kipo chombo kinachokaa kati ya mkono na kazi, na vipo vitu vinavyokaa pembeni ya kazi vikiipamba. Kunyooka kwa fimbo, ngozi ya nchani, mlingano wa uzito, hivyo vinakaa kati. Nakshi za mpini, jina la fundi, mkoba wa ngozi wenye zipu, hivyo vinakaa pembeni. Kwa mwandishi, lugha inakaa kati na kompyuta inakaa pembeni. Hendry alikuwa na fimbo ya bei ndogo, lakini iliyokaa kati yake na mpira miaka mingi bila kumdanganya. Kuchagua si kununua ghali. Anayehangaika na vya pembeni ana mbwembwe, sawa, apigiwe kelele. Anayehangaika na cha katikati anaiheshimu kazi, aachwe achague.

Limebaki swali la mezani, ambalo vijiweni limegombanisha watu. Siku hizi anaweza kutokea jamaa na fimbo yake mwenyewe, ya kufungua vipande viwili, ameibeba mgongoni kama gitaa. Anakuta kijana ameshika fimbo ya baa, na wanataka kucheza kwa dau. Je, ni haki?

Wapo wanaosema ni haki tupu. Mkimbiaji hamwazimi mwenzake viatu, na mwenye fimbo ameitolea jasho. Wapo wanaosema si haki kabisa, wote watumie ya baa, maana ubovu wa wote ni usawa. Nimewasikiliza wote na naona kila mmoja ana nusu. Usawa wa fimbo mbovu ni usawa wa giza: wote mko sawa kwa kuwa hakuna anayeona. Na yule wa viatu anasahau kitu kimoja. Mkimbiaji anakimbia na muda, na muda utamwambia ukweli hata akibaki peke yake uwanjani. Mcheza pool anajijua kwa kupitia mwenzake. Ukimshinda mtu ambaye shahidi wake ni mwongo, nawe umepata ushahidi wa uongo, na hela uliyoiweka mfukoni haibadili hilo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba mwenye fimbo yake, kama kuna dau, aitoe itumike na wote wawili. Najua jibu litakalokuja: itapigwa chini, ncha itaharibika, na zaidi ya hapo fimbo imezoea mkono wa mwenyewe. Hoja ya kwanza ni ya kweli, na dawa yake ni kuchagua wa kucheza naye. Hoja ya pili inanisaidia mimi. Kama fimbo imekuzoea wewe, basi ukimwazima mpinzani hujampa miaka yako. Hujampa kiwiko chako wala jicho lako. Umempa tu nafasi ya kushindwa kwa haki. Unaogopa nini?

Yule mshikaji wangu wa bodaboda huwa anaitoa. Ameshinda akiwa ameitoa, na ameshindwa akiwa ameitoa, tena na fimbo yake mwenyewe mkononi mwa mgeni kutoka Mbinga. Siku ile alilipa elfu tano akaondoka kimya, na kesho yake alikuwa mezani mapema kabla hatujafika, anapiga mpira ule ule aliokosa jana.

Nisieleweke vibaya kwamba natangaza kila baa ya Songea iagize fimbo kutoka ng'ambo. Ngozi ya nchani ni kitu kidogo, msumari wa kutundikia fimbo ili isiegemee ukuta ni kitu kidogo zaidi, na mafundi wa mbao tunao. Mwalimu wa hisabati ni kitu kikubwa, lakini naye hupatikana, na vitabu hupatikana, pale watu wanapokataa kunyamazishwa kwa methali. Tunachodai hapo si ushindi. Kijana anayedai fimbo iliyonyooka hadai kushinda, anadai ajue. Akiipata, na akashindwa, atakuwa ameshindwa yeye, na hilo pia ni mali yake.

Mwenye hoja tofauti na aandike, ubishi huu bado mbichi. Ila asianze kwa kusema wahenga walisema. Wahenga wamekwisha sema; zamu hii ni yetu.